Kuthibitisha Hati kwa Mbali: Kazi ya Hisabati na Kazi ya Shahidi

Katika ofisi za mawakili wa miji yetu hufanyika kila siku jambo ambalo wengi wetu hatulitazami kwa makini. Mtu huja na karatasi, huonyesha kitambulisho, hutia saini au dole gumba mbele ya wakili aliye Kamishna wa Viapo. Wakili naye hugonga muhuri, huandika jina lake, mahali na tarehe, kisha hutia saini yake chini. Shughuli yote yaweza kumalizika kabla kikombe cha chai hakijapoa. Hata hivyo, katika muda huo mfupi karatasi imebadilika hali. Ilipoingia ofisini ilikuwa maandishi ya mtu mmoja, ambayo kila mtu ana haki ya kuyatilia shaka. Ilipotoka imekuwa hati, na anayetaka kuikanusha ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini.

Katika miaka ya karibuni nchi kadhaa zimeruhusu jambo hilo lifanyike pasipo watu hao wawili kukutana. Mwenye hati yuko mji mmoja, mthibitishaji yuko mji mwingine, wanaonana kwa kioo cha kompyuta, na muhuri unaogongwa si wa mpira wala wa lakiri bali ni namba. Makala hii inakusudia kueleza namba hiyo hupatikana vipi, kwa nini ni vigumu kuighushi, na ni sehemu gani ya kazi ya shahidi ambayo namba haiwezi kuifanya hata kidogo. Msomaji hahitaji hisabati zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

Faida ya jambo hili ni dhahiri kwa Watanzania wanaoishi nje. Tuchukue mtu aishiye Maskati mwenye kiwanja Kigamboni, ambaye ataka nduguye auze kiwanja hicho kwa niaba yake. Yampasa aandike hati ya uwakala, aisaini mbele ya afisa anayekubalika, aipitishe mahali panapostahili ili mihuri ya nchi moja itambulike katika nchi nyingine, kisha aitume kwa posta au kwa mkono wa msafiri. Hatari nayo ni dhahiri vilevile. Hati ya uwakala iliyoghushiwa yaweza kuuza nyumba ya familia huku wenyewe hawana habari, na kesi itakayofuata ikadumu kuliko umri wa waliojenga nyumba hiyo. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu ni kubwa kuliko lile la kupunguza safari.

Mthibitishaji hufanya nini hasa?

Tukiichambua kazi ya mthibitishaji tutaona kwamba muhuri mmoja unabeba kauli nne tofauti. Ya kwanza, kwamba aliyesaini ndiye mwenye jina lililoandikwa. Ya pili, kwamba alisaini kwa hiari yake naye alielewa anachokisaini. Ya tatu, kwamba karatasi hii ndiyo ile ile iliyosainiwa, haikuongezwa neno wala kupunguzwa. Ya nne, kwamba tendo hilo lilitokea siku fulani mahali fulani.

Katika ofisi ya kawaida kauli hizi nne hazitengani, kwa sababu zote huthibitishwa kwa macho ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Teknolojia ya kuthibitisha kwa mbali huzitenganisha, na kila moja hupewa chombo chake. Hapo ndipo wengi wanaosifu au kulaumu jambo hili wanapokosea: huona chombo kimoja kina nguvu ya ajabu wakadhani vyote vina nguvu hiyo. Tutaanza na kauli ya tatu, kwa sababu ndiyo ambayo sayansi imeitatua vizuri kuliko zote.

Namba iliyo badala ya muhuri

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walichapisha makala yaliyoeleza wazo geni: kwamba mtu aweza kuwa na funguo mbili zinazohusiana, mmoja wa siri na mmoja wa hadhara, na ule wa hadhara ukatangazwa kwa watu wote bila kuufichua ule wa siri. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliokuwa Massachusetts, walipata njia ya kulitekeleza wazo hilo kwa kutumia namba tasa. Njia hiyo inaitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Ilikuja kujulikana mwaka 1997 kwamba mwanahisabati Mwingereza, Clifford Cocks, aliyefanya kazi katika idara ya siri ya serikali yake, alikuwa ameigundua njia kama hiyo tangu 1973, ila hakuruhusiwa kusema. Siri za serikali zina bei yake katika historia ya sayansi.

Tufanye mfano mdogo ambao msomaji aweza kuuhakiki kwa kalamu.

Chagua namba tasa mbili, 3 na 11. Zao lake ni 33. Punguza moja kutoka kila namba, kisha zidisha: 2 mara 10 ni 20. Sasa chagua namba isiyo na kigawo cha shirika na 20 isipokuwa 1, tuchukue 3. Tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa 3 kisha zao likagawanywa kwa 20, baki ni 1. Namba hiyo ni 7, kwa kuwa 3 mara 7 ni 21. Basi ufunguo wa hadhara ni 3 pamoja na 33, nao waweza kuandikwa gazetini. Ufunguo wa siri ni 7, nao hukaa kwa mwenyewe.

Tuseme mthibitishaji ataka kutia saini namba 14. Huizidisha 14 kwa yenyewe hadi kipeo cha saba, apate 105,413,504. Hugawanya kwa 33 na kuchukua baki, ambayo ni 20. Hiyo 20 ndiyo saini ya namba 14. Aipokeaye huko aliko huchukua 20, akaipandisha kwenye kipeo cha tatu, kwa kuwa 3 ni ya hadhara: 20 mara 20 mara 20 ni 8,000. Akigawanya 8,000 kwa 33 anapata 242 na baki 14. Baki ni ile ile namba iliyosainiwa, basi saini ni halali. Kama mtu njiani angaliibadili 14 kuwa 15, hesabu ingaliendelea kutoa 14, na uongo ungalijulikana papo hapo.

Msomaji makini atauliza: ni nini kinachomzuia mwizi asiutafute ufunguo wa siri? Katika mfano wetu hakuna, maana mtoto wa shule ya msingi aweza kuona kwamba 33 ni 3 mara 11, na akishajua hivyo ataipata 20, na baada ya 20 ataipata 7. Lakini namba zitumiwazo kwa kweli si 33. Kila moja ya zile namba tasa mbili huwa na tarakimu zipatazo 308, na zao lake huwa na tarakimu 617. Kuzidisha namba mbili za namna hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa kompyuta ndogo. Kulichukua zao na kurudi nyuma kuvitafuta vigawo vyake ni kazi ambayo hakuna mtu aliyepata kujua njia ya haraka ya kuifanya kwa kompyuta za kawaida. Mwezi Februari 2020 kundi la watafiti lilifaulu kuigawa namba maalumu ya majaribio yenye tarakimu 250, nao walitumia kompyuta nyingi kwa pamoja, ambazo kazi yake ingaliichukua kompyuta moja maelfu ya miaka. Usalama wa hati, kwa hiyo, unategemea jambo rahisi kulitenda na gumu kulitendua, kama vile kuchanganya chumvi na sukari.

Muhtasari wa waraka

Hati si namba 14. Ni kurasa kadhaa za maneno, na haifai kuzipandisha kurasa zote kwenye kipeo. Kwa hiyo kwanza waraka mzima hufanyiwa muhtasari: hupitishwa katika hesabu maalumu itoayo namba moja ya urefu usiobadilika, hata kama waraka una ukurasa mmoja au elfu. Namba hiyo ndiyo inayotiwa saini.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme hati yote ni maneno haya: nauza kiwanja namba 47. Tuseme pia kanuni yetu ya kufanya muhtasari ni kugawanya namba ya kiwanja kwa 33 na kuchukua baki. Arobaini na saba kwa thelathini na tatu, baki ni 14. Tunaisaini 14, tunapata 20, na kila kitu ni salama.

Je, ni salama kweli? Tapeli aketi atazame. Kiwanja namba 80, kikigawanywa kwa 33, nacho kina baki 14. Basi aweza kuifuta 47 akaandika 80, na ile saini 20 itaendelea kukubali bila kusitasita. Hakuuvunja ufunguo wa siri wala hakuhitaji kuujua. Amepita dirishani, mlango umebaki umefungwa vizuri.

Ndiyo sababu kanuni ya muhtasari ni jambo la kufa na kupona. Itumiwayo zaidi leo, iitwayo SHA-256, hutoa namba ambayo yaweza kuwa na tarakimu hadi 78, na imepangwa kwa namna ambayo kubadili nukta moja ya waraka hubadili takriban nusu ya alama zote za muhtasari. Nyaraka mbili zenye muhtasari mmoja lazima zipo, kwa kuwa nyaraka ziwezazo kuandikwa hazina idadi. Lakini hakuna ajuaye njia ya kuzipata. Neno "ajuaye" lisomwe kwa uangalifu. Kanuni iliyoitwa MD5 iliaminiwa duniani kote hadi Wang Xiaoyun na wenzake wa China walipoonyesha mwaka 2004 kwamba nyaraka pacha zapatikana. Kanuni ya SHA-1 ikachukua nafasi yake, nayo mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa kampuni ya Google wakatoa hadharani nyaraka mbili zionekanazo tofauti kwa macho, zenye muhtasari mmoja. Katika elimu hii hakuna kanuni iliyohakikishwa kuwa haivunjiki milele. Zipo zilizovunjika na zipo ambazo bado.

Kwa mwanahisabati hilo ni jambo la kawaida. Kwa mwenye ardhi si la kawaida hata kidogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, haki ya kumiliki yaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 99. Hati iliyosainiwa leo itaweza kubishaniwa na vitukuu. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ikipata kujengwa kubwa ya kutosha, itavipata vigawo kwa haraka, na hapo RSA yote itakuwa kama 33 yetu. Kompyuta ya ukubwa huo haijajengwa, lakini mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya vya saini zinazokusudiwa kuistahimili. Masjala yoyote ya ardhi itakayopokea saini za kielektroniki ni lazima ijipangie tangu mwanzo namna ya kuzisaini upya hati za zamani kabla kanuni zake hazijachakaa, kama vile mtunza nyaraka anavyonakili daftari ambalo karatasi yake imeanza kuliwa na mchwa.

Tarehe na mahali

Kauli ya nne, ile ya wakati, imepata dawa nzuri pia. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walipendekeza kwamba mihtasari ya nyaraka iunganishwe kama shanga, kila muhtasari ukibeba ndani yake muhtasari uliotangulia, hata isiwezekane kuchomeka waraka katikati baadaye bila kuukata uzi. Kampuni waliyoianzisha ilianza mwaka 1995 kuchapisha muhtasari wa mkufu wao katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Atakaye kughushi tarehe ingembidi aghushi pia magazeti yaliyokwisha kuhifadhiwa katika maktaba za dunia nzima. Napenda mfano huu kwa sababu ulinzi wake wa mwisho ni karatasi ya gazeti.

Mahali ni jambo lenye ugumu mwingine, nao ni wa sheria. Sheria yetu ya wathibitishaji na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, humtaka Kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Mwenye kiapo akiwa London na Kamishna akiwa Mwanza, mahali ni wapi? Jimbo la Virginia huko Marekani, lililokuwa la kwanza nchini humo kuruhusu uthibitishaji kwa mbali, kwa sheria iliyopitishwa 2011 na kuanza kutumika mwezi Julai 2012, lilikata fundo hilo kwa kusema kwamba mahali ni pale alipo mthibitishaji: yeye sharti awe ndani ya Virginia, mwenye hati na awe popote. Baadaye majimbo ya Montana, Texas na Nevada yakafuata, na baada ya maradhi ya korona kufunga ofisi mwaka 2020, mengi mengine yakaingia; sasa yamepita arobaini.

Afrika Kusini imepita njia yenye miiba zaidi. Sheria yake ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 2002 inakubali saini ya kielektroniki ya mthibitishaji, lakini kanuni za viapo zinataka mla kiapo atie saini "mbele ya" Kamishna. Mwaka 2022 jaji mmoja alipokea viapo vilivyochukuliwa kwa video katika kesi ya benki, akisema kwamba kanuni haikufuatwa kwa neno lake ila lengo lake lilitimizwa. Mwaka 2024 Mahakama Kuu mjini Pretoria, ilipoombwa itamke kwa ujumla kwamba "mbele ya" inajumuisha mbele ya kioo cha video, ilikataa. Kuwa mbele ya mtu, kwa maoni yake, ni kuwa naye mahali pamoja, na kubadili hilo ni kazi ya wanaotunga sheria. Wapo walioiona hukumu hiyo kuwa ya kizamani. Mimi naiona kuwa ya haki, kwa sababu neno "mbele ya" halikuwekwa pale kwa ajili ya karatasi. Liliwekwa kwa ajili ya mtu, na huyo ndiye tunayemfikia sasa.

Ni nani aliye upande wa pili?

Namba 20 yatuambia kwamba aliyesaini anaujua ufunguo 7. Haituambii kwamba yeye ni fulani bin fulani. Ili tujue hivyo, lazima mtu mwingine tunayemwamini atoe cheti kisemacho: ufunguo wa hadhara huu ni wa mtu huyu. Cheti nacho husainiwa kwa ufunguo wa mtoaji, na hapo swali linahama tu: nani anamthibitisha mthibitishaji? Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika mitambo ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyotoa vyeti hivyo hata kwa serikali ya nchi hiyo, wakajitolea vyeti vya uongo zaidi ya 500. Hisabati haikuwa na kosa lolote. Kila saini ilihakikiwa ikaonekana sawa. Kampuni ilifilisika mwezi Septemba mwaka huo huo.

Katika kumtambua mtu, nchi mbili zatufaa kwa kulinganisha. Marekani haina kitambulisho kimoja cha taifa. Kwa hiyo katika majimbo mengi mwenye hati huonyesha leseni yake mbele ya kamera, mashine ikaikagua, kisha huulizwa maswali kama matano yanayotokana na kumbukumbu za mikopo na makazi: uliwahi kuishi mtaa gani kati ya hii, gari lako la zamani lilikuwa aina gani. Hupewa dakika chache tu. Dhana ni kwamba mwenyewe tu ndiye ajuaye. Lakini mwaka 2017 kampuni ya Equifax, mojawapo ya zinazohifadhi kumbukumbu hizo, iliibiwa habari za watu wapatao milioni 147. Aidha, msomaji ajiulize ni nani aibaye ardhi ya mtu huku kwetu. Mara nyingi ni jamaa, naye anajua mtaa tuliokulia, jina la mwalimu wetu wa darasa la kwanza, na rangi ya baiskeli ya baba. Maswali ya namna hiyo yangempitisha yeye kwanza.

Estonia ilishika njia nyingine. Tangu 2002 imewapa raia wake kadi yenye kidude cha kompyuta ndani, na ufunguo wa siri wa kila mtu umo katika kidude hicho. Huko mwenye hati mwenyewe ndiye atiaye saini ya hisabati. Marekani mara nyingi yeye huweka picha tu ya saini yake, na ufunguo wa kweli ni wa mthibitishaji. Mwaka 2020 Estonia iliruhusu shughuli karibu zote za wathibitishaji zifanyike kwa video. Hata hivyo, miaka mitatu kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, waligundua kwamba vidude vya aina fulani havikuchagua namba tasa ovyo kama ilivyopasa, bali kwa mtindo maalumu uliopunguza sana kazi ya kuvitafuta vigawo. Kadi za Estonia zipatazo 760,000 zilikuwa na kasoro hiyo, na mwezi Novemba 2017 serikali ikasimamisha vyeti vyake mpaka viwekwe vipya. Kosa halikuwa katika kanuni. Lilikuwa katika haraka ya kiwanda.

Kwetu Tanzania tuna daftari la NIDA lenye alama za vidole, ambalo ni msingi bora kuliko maswali ya mikopo. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekwisha kuitambua saini ya kielektroniki. Kenya iliingiza saini hizo katika sheria zake za mikataba na za ardhi mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikazindua mtambo wa Ardhisasa kwa ardhi ya Nairobi. Mlango wa sheria, basi, umeanza kufunguka Afrika Mashariki.

Lakini alama ya kidole nayo ina mipaka. Ufunguo ulioibiwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Na uso unaoonekana katika video waweza sasa kutengenezwa na kompyuta ukatikisa kichwa na kujibu salamu. Majaribio ya kutambua kama uso ni hai, kama vile kumwambia mtu ageuze kichwa au apitishe mkono mbele ya uso, ni mashindano ya mtega na mtegwa ambayo sitaraji yatapata mshindi.

Hiari

Kauli ya pili ndiyo niliyoiacha kwa makusudi hadi sasa. Mthibitishaji mzuri, akimwona bibi kizee aliyeletwa na kijana mwenye haraka, humwambia kijana atoke nje kidogo. Humwuliza bibi: mama, karatasi hii inasema nini? Humsikiliza anavyojibu, na humtazama anakotupa macho. Hakuna kifaa kingine ninachokijua kilicho kipimo cha hiari zaidi ya hicho.

Kamera huona kipande kimoja cha chumba. Aliyesimama nyuma yake haonekani, na mkono uliokamatwa chini ya meza hauonekani. Virginia iliagiza picha na sauti za kikao zihifadhiwe si chini ya miaka 5, na sheria ya mfano iliyoandaliwa kwa majimbo ya Marekani mwaka 2018 ilisema miaka 10. Hiyo ni faida ya kweli ambayo ofisi ya kawaida haina, maana jaji aweza kutazama mwenyewe yaliyotokea. Ila jaji naye ataona kipande kile kile cha chumba. Mthibitishaji aweza kuomba kamera izungushwe chumba kizima, aweza kumtaka mwenye hati awe peke yake na mlango ufungwe, na aweza kukataa kuendelea. Yote haya hutegemea moyo wake, na idadi ya vikao anavyolipwa kuvimaliza kwa siku. Kwa maoni yangu, hati ya uwakala wa kuuza ardhi inayotolewa na mzee au mgonjwa isifanywe kwa mbali kabisa, hata kama teknolojia yote ni timamu. Bora Kamishna apande basi.

Kuna jambo moja la kiofisi ambalo laweza kuonekana dogo. Saini ya hisabati huishi ndani ya faili ya kompyuta. Mara faili inapochapishwa kwenye karatasi, namba zote zile hubaki nyuma, na kinachotoka ni picha ya muhuri ambayo mtoto mwenye mashine ya kuchapa aweza kuitengeneza. Ofisi ipokeayo hati ya namna hiyo kwa karatasi imepokea kitu dhaifu kuliko muhuri wa mpira. Majimbo kadhaa ya Marekani yamelazimika kumruhusu mthibitishaji aape kwamba nakala ya karatasi ni sawa na faili, na hivyo tumerudi mezani kwake. Atakayepokea hati kutoka nje aulize apewe faili yenyewe, aihakiki kwa ufunguo wa hadhara wa aliyeisaini, na asiridhike kwa sababu tu ina mhuri wa rangi ya kupendeza.

Zoezi kwa wanafunzi

Mthibitishaji ametangaza ufunguo wa hadhara 3 pamoja na 55. Amepokea hati isemayo: nauza kiwanja namba 128. Muhtasari hupatikana kwa kuchukua baki baada ya kugawanya namba ya kiwanja kwa 55, na saini iliyoambatishwa ni 17. (a) Hakikisha kama saini ni halali. (b) Tafuta ufunguo wa siri, ukikumbuka kwanza kuvitafuta vigawo vya 55. (c) Mtu mwingine ameleta hati ya kiwanja namba 73 yenye saini hiyo hiyo 17. Eleza kwa nini hesabu inaikubali, kisha taja viwanja vingine viwili ambavyo angaliweza kuviandika.